Mimba haingoji tarehe ya mensheni

Kwa Mhariri,

Kuna habari ya kule India inazunguka sana kwa simu za watu hapa Mombasa, ya mama mwenye mimba ya wiki 33 alieruhusiwa na Korti Kuu ya Delhi kuitoa sababu ubongo wa mtoto tumboni ulikuwa na kasoro. Habari yenyewe si mpya, ni ya Desemba 2022, lakini WhatsApp haina kalenda, mtu akiipata leo kwake ni ya leo. Mimi sina neno na habari, neno langu ni lile swali linalokuja nyuma yake, sababu kila gurupu niliyoko, ya mtaa, ya chama, ya familia, hapakosi mtu wa kuuliza haya na sisi huku Kenya hio ruhusa yaombwa korti gani? Na wako wanaojibu kwa ujasiri kabisa, ati Tononoka, ati hapana lazima uende Milimani Nairobi, mwengine akasema ukiwa Muislamu waanzia kwa Kadhi.

Hakuna. Kenya hakuna korti inayotoa ruhusa hio na hakuna sheria inayomtaka mama mgonjwa aende kuiomba. Na mimi naomba isije ikawepo, ndio maana nimekaa nikaandika.

Nimefanya kazi ya ukarani kwa ofisi ya maloya hapa mjini kwa miaka mingi, sasa niko nyumbani Kisauni nalea wajukuu. Si loya mimi na si daktari. Lakini karani ndie anaejua faili yatembea vipi. Loya anajua sheria, karani anajua faili iko kwa meza ya nani na kwa nini imelala. Hata ukiandika hati ya dharura na ukaapa kiapo na kila kitu, itasomwa kwanza, halafu utaambiwa upeleke makaratasi kwa upande wa pili, upande wa pili ataomba siku saba ajibu, mkirudi jaji yuko semina Naivasha, mwapewa tarehe ya mensheni, na mensheni si kusikizwa, mensheni ni kwenda kupewa tarehe ingine. Ikiangukia Agosti ndio kabisa, korti kuu ziko likizo, yuko jaji wa zamu mmoja na foleni mpaka nje. Siwalaumu, ndio kazi ilivyo, na kesi ya shamba yaweza kungoja hivo hata miaka kumi na shamba utalikuta pale pale. Tumbo si shamba. Mama aliefungua faili na wiki 24 akirudi kwa hukumu yuko wiki 29, na zile wiki tano ndio kesi yenyewe.

Sasa sheria yetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 26, ile sehemu ya nne. Inasema kutoa mimba hakuruhusiwi, hilo sifichi, na sehemu ya pili ya kifungu hicho hicho inasema uhai waanza mimba inapotungwa. Lakini ikaacha mlango, kwamba inaruhusiwa ikiwa kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliesomea kuna haja ya matibabu ya dharura, ama maisha ya mama ama afya yake iko hatarini, ama kama kuna sheria ingine iliyoandikwa inaruhusu. Soma hapo polepole. Maoni ya nani? Ya mtaalamu wa afya. Si ya jaji, si ya OCS wa kituo cha polisi, si ya chifu, na wala si ya bwanake. Halafu ikaja Sheria ya Afya ya 2017 ikaeleza huyo mtaalamu ni nani, ni daktari, nesi, mkunga ama klinika, yaani afisa wa tiba, alie na leseni na amefunzwa kazi hio, na ikaeleza kwamba afya ni ya mwili na ya akili pia, si mpaka mtu awe anakata roho. Na tena katiba haikuweka wiki. Haikusema 20 wala 24.

Kwa hivo kwa karatasi sisi tuko mbele ya India. Wao sheria yao ni ya 1971, ilikuwa mwisho wiki 20, mwaka 2021 wakaisogeza mpaka 24 kwa wanawake wa aina fulani, na kupita hapo inabaki kama mtoto ana kasoro kubwa na bodi ya madaktari imekubali. Hata wao basi sheria haisemi korti, yasema bodi. Mbona basi kila siku wako korti? Sababu hospitali zaogopa. Daktari akiona mimba imepita 24 anamwambia mama nenda lete oda, na oda ikija hata mambo yakiharibika yeye ana karatasi ya kujikinga. Hio ndio siri ya kesi nyingi za siku hizi za kasoro ya mtoto tunazosoma, sheria ya kwenda korti haipo, ni uoga umegeuka ukawa sheria. Na uoga huo huo ndio uko huku kwetu.

Nitawapa mfano na sitaitaja hospitali wala mtu. Mtoto wa dadangu alikuja ofisini saa za mchana bahasha ya kaki iko kwapani, hata hakuamkia watu, na huyo ni kijana mwenye adabu zake. Akanipa nisome. Ripoti ya skeni ya mkewe, kizungu cha madaktari kitupu, na neno moja limepigwa mstari kwa biro, anensefali. Akaniambia khalati hata sijui ni nini, yule wa mashini alipaka jeli akaanza kuangalia na mimi na mke wangu twacheka twamuuliza ni mvulana ama msichana, akanyamaza, akageuza ile kompyuta upande wake, akasema majibu mtapewa na daktari. Anensefali ni kwamba fuvu la juu halikufunga na ubongo haukukamilika. Mtoto kama huyo mara nyingi huzaliwa keshakufa, na akizaliwa hai ni masaa ama siku chache, hakuna operesheni, hakuna dawa, India hakuna na London hakuna. Na mkewe alikuwa mwezi wa sita unakwisha, sababu kule kliniki anakoenda mashini ya skeni hamna, wakaambiwa wende praivet, na praivet ni pesa, wakangoja mwisho wa mwezi, ukapita na mwengine.

Daktari akawaeleza vizuri, hilo nampa haki yake. Akawaambia mtoto hawezi kuishi, na tumbo la mama laongezeka maji sababu mtoto wa namna hii hamezi yale maji kama wengine, na kukaa hivo kuna hatari. Wakamuuliza basi tufanyeje? Hapo ndipo aliponyamaza akaita mkubwa wake, na mkubwa akasema sisi hapa hatugusi mimba ya miezi sita bila oda ya korti, nendeni mkatafute loya. Kwa hivo kijana akatafuta loya anaemjua, yaani ofisi ya khalati yake.

Bosi wangu alisoma ile ripoti mara mbili. Akasema mama, twende tukamwombe jaji nini? Hakuna fomu ya kitu hiki. Hakuna kifungu. Tukienda itabidi tufungue kesi ya katiba, tumshtaki Mwanasheria Mkuu na wizara na hospitali, waje na maloya wao, waje na watu wa makanisa waombe kujiunga, na huyu msichana awe amezaa zamani. Na zaidi ya hapo tutakuwa twamwomba jaji atoe kitu ambacho katiba haikumpa yeye, ilimpa daktari. Akaandika barua ya ukurasa mmoja kwa hospitali, akanukuu kifungu, akaeleza uamuzi ni wenu. Barua ikapokelewa, ikapigwa stempu, ikapelekwa kwa loya wa hospitali aiangalie. Wajua tena. Ikawa yaangaliwa.

Yule msichana akaanza kufura miguu na uso, kichwa chamuuma, macho yaona nyotanyota. Dadangu akampeleka hospitali ingine usiku, huko sista aliekuwa zamu akampima presha akaita daktari hapo hapo, wakapima mkojo wakakuta protini, presha ya mimba. Daktari wa huko hakutaja korti hata mara moja. Alikaa na mwenzake, wakaandika kwa faili, wakampa ile dawa ya sindano ya kuzuia kifafa cha mimba, wakamueleza yeye na mumewe, wakatia saini, wakamuanzishia uchungu. Mtoto alizaliwa, akavuta pumzi kidogo, akaenda. Babake na mzee wa msikiti wakamuosha wakamkafini wakamzika, akapewa jina. Mama alipona, alhamdulillahi, sasa ana mwengine anaetambaa.

Nauliza mimi, zile siku zote barua yetu ikiangaliwa sheria gani ilibadilika? Ile ya hospitali ya kwanza na ile ya pili ni nchi mbili? Wote walikuwa chini ya kifungu hicho hicho, mmoja aliogopa mwengine akafanya kazi yake. Na alieogopa alimngojesha msichana mpaka akawa karibu na kifafa ndio akatibiwa kwengine, ingawa daktari alikuwa na sababu ya kutosha tangu siku ya kwanza.

Ila nami nisiwaonee madaktari. Mtu akiogopa kuna kinachomtisha. Kanuni ya Adhabu tuliyoachiwa na wakoloni tangu 1930 bado iko, kifungu cha 158 chasema anaetoa mimba kinyume cha sheria ni miaka 14, cha 159 mama mwenyewe miaka 7, cha 160 alietoa dawa ama vifaa miaka 3. Kuna cha 240 kinachomkinga aliefanya operesheni kwa nia njema kuokoa maisha ya mama, lakini muulize askari wa kituo chochote hapa kama amewahi kukisikia hicho cha 240. Mwaka 2004 daktari mmoja wa Nairobi alishikwa sababu ya vijusi vilivyookotwa vimetupwa, akakaa rumande mwaka mzima na mwisho korti ikamwachilia. Mwaka 2014 nesi mmoja alihukumiwa kifo, kifo, kwa sababu ya mama alieharibikiwa na mimba akafa, na Mahakama ya Rufaa ikaja kumtoa baadae. Huku kwetu Pwani tuna ile ya Kilifi, msichana wa shule alieharibikiwa akaenda kutibiwa, polisi wakavamia wakamshika yeye na klinika aliemtibu, mwaka 2019 hio. Korti Kuu ya Malindi Machi 2022 ikawatetea sana, lakini ikakatiwa rufaa. Sasa wewe ni daktari kijana una mkopo wa gari na watoto shule, wasikia hayo yote, utasaini?

Lakini angalieni jambo moja, katika kelele hizo zote hakuna jaji aliekifuta kifungu cha 26(4). Kiko pale pale. Wanabishana kama kutoa mimba ni haki ya kimsingi ama si haki, hayo ni ya maloya, lakini mama ambae afya yake iko hatarini na mtaalamu amesema hivo, huyo katiba bado inamkinga.

Na wizara nayo ina lake. Mwaka 2012 waliandika mwongozo wa madaktari kuhusu mambo haya, vizuri tu, halafu Desemba 2013 wakauondoa, na mwaka uliofuata wakakataza hata mafunzo. Kuna msichana wa Kisii alibakwa akiwa na miaka 14, akatolewa mimba na mtu asiejua, akazungushwa hospitali moja mpaka ingine, figo zikaharibika na 2018 akafa. Mamake na chama cha maloya wanawake FIDA wakaenda korti, na Juni 2019 majaji watano wakasema kuuondoa ule mwongozo kulikuwa kinyume cha sheria, wakamwambia serikali imlipe mama shilingi milioni 3. Haya, mwongozo uko wapi? Nina jamaa wawili masista wa mataniti, mmoja ana nywele nyeupe kama mimi, hawajawahi kuushika mkononi.

Wako wanaosema basi si afadhali tufanye kama India, jaji aamue, daktari awe salama na mambo yawe wazi. Hii nimeisikia hata kwa watu wenye akili zao. Kwanza hapa Afrika kumejaribiwa. Zimbabwe sheria yao inamtaka mwanamke aliebakwa apate cheti cha hakimu. Mama mmoja wa Chegutu alivamiwa Aprili 2006, akaripoti siku ile ile, akaomba dawa ya kuzuia mimba ikacheleweshwa, akapata mimba, akaanza kuzungushwa kati ya polisi na mwendesha mashtaka na hakimu, huyu anamwambia ngoja kesi iishe kwanza, na cheti kilipotoka mwisho wa Septemba hospitali ikamwambia sasa imekuwa kubwa hatuwezi. Akazaa Desemba. Korti yao ya juu ilikuja kumpa fidia 2014, mtoto ana miaka saba. Rwanda nao sheria yao ya 2012 walitia korti katikati, wakaona wanawake hawafiki, na 2018 wakaitoa korti wakarudisha kwa daktari, na Rwanda si nchi ya kulegeza mambo.

Marekani na utajiri wao wote. Jimbo la Texas, Desemba 2023, mama Kate Cox ana mimba ya wiki 20 na mtoto ana ugonjwa wa kuzaliwa nao wa trisomi 18 ambao wengi hawafiki mwaka mmoja, na yeye mwenyewe keshapasuliwa uzazi mara mbili. Hakimu wa wilaya akamruhusu, kesho yake korti ya juu ya Texas ikasimamisha, na kabla hata hawajamaliza kuamua mama alikuwa ameshaondoka kwenda jimbo lingine kutibiwa. Uamuzi ulipotoka ulikuwa wa kumkataa, mgonjwa hayuko. Alikuwa na nauli na mahali pa kwenda. Wa kwetu akitoka Likoni aende wapi, mpakani Lunga Lunga?

Na hao majaji wenyewe hawalingani. India hio hio mwaka 2008 mume na mke wa Mumbai walikataliwa na korti, mtoto ana shida ya moyo, baada ya muda mfupi mimba ikatoka yenyewe. Mwaka 2017 Korti ya Juu ikaruhusu mama wa Kolkata mwenye wiki 26 sababu ya moyo wa mtoto, mwaka huo huo ikamkataa mwengine wa wiki 26 pia ambae mtoto alikuwa na daunsindromu, ile hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha akili. Delhi ikaruhusu 33. Yaani kila mama anabahatisha jaji.

Lakini hapo kwa daunsindromu nisimame kidogo, sababu najua kuna wanaosoma barua hii wakisema huyu mama anataka kila mtoto alie tofauti aondolewe. Sitaki. Mtoto wa daunsindromu anaishi, anacheka, anakwenda sokoni na mamake, tunao hapa mtaani kwetu na ni wetu. Mdomo uliopasuka hushonwa. Mguu uliopinda hunyooshwa. Katiba yetu haikusema kasoro ya mtoto ni sababu, ilisema maisha na afya ya mama, na mimi nadhani ni vizuri ilivyo. Nazungumzia yule ambae hakuna atakaemuokoa, na mamake ambae bado twaweza kumuokoa. Na ile kesi ya Oktoba 2023 ambapo Korti ya Juu ya India ilimkataa mama wa wiki 26 sababu mtoto ni mzima na angeweza kuishi nje, nilimhurumia sana yule mama, alikuwa mgonjwa wa akili baada ya uzazi uliopita na dawa anameza, lakini kama mtoto aweza kutoka akaishi na mama akatibiwa, basi wote wawili waokolewe, kuzalisha mapema ni tofauti na kutoa. Hapo sibishani na majaji.

Sasa dini, sababu Mombasa huwezi kumaliza mazungumzo haya bila kufika msikitini. Kwanza kwa Kadhi hakuna mlango wa jambo hili, korti za Kadhi kwa katiba ni ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, basi. Ukitaka fatwa nenda kwa shekhe. Na mashekhe wana lao la kusema na si la kuropoka. Siku 120, ndio mpaka wanaoutaja, kwa ile hadithi ya arubaini tatu ambapo roho hupulizwa. Baraza la Fiqhi la Rabita, ile jumuiya ya Waislamu wa dunia, kule Makka lilikaa mwaka 1990 likasema kabla ya siku 120, kama kamati ya madaktari waaminifu imethibitisha kilema kikubwa kisicho na tiba na wazazi wakaomba, yaruhusiwa. Baada ya hapo hapana, ila ikithibitishwa na madaktari kwamba kubaki kwa mimba ni hatari kwa maisha ya mama, hapo yaruhusiwa. Tazama wanazuoni wale wa Makka walimpa nani kazi ya kuthibitisha? Madaktari. Hata wao hawakusema nenda kwa jaji.

Na hapo kwa siku 120 ndio kidonda chetu kiko, sababu siku 120 tangu mimba kutungwa ni kama wiki 19 kwa hesabu ya kliniki, na skeni ya kuangalia viungo vya mtoto hufanywa wiki ya 18 mpaka 22. Ile anensefali yaweza kuonekana mapema zaidi, hata wiki ya 12, 13, kama mashini ni nzuri na alieishika anajua. WHO, shirika la afya la dunia, walisema tangu 2016 kila mama apigwe skeni moja kabla ya wiki 24. Huku kwetu mama anaanza kliniki mwezi wa tano, wa sita, wengine wanaficha mimba isipigwe jicho, na akifika anapimwa uzito na presha na damu anaambiwa skeni nenda nje. Twashtuka mbona mimba ni kubwa hivi wakati wa kuamua. Imekuwa kubwa ikingoja skeni! Hizi kesi za wiki 25, 28, 33 tunazoziona, nyingi hazikuanza na mama mwenye roho ngumu, zilianza na mashini iliyokuwa mbali. Wakunga wetu wanasema hili kila siku na hakuna anaewaandika gazetini. Na zile tembe za foliki wanazogawa kliniki, ambazo wasichana wanazitia kwa droo, ndio zinazopunguza tatizo la fuvu na uti wa mgongo, ila zafaa ziliwe kabla mimba haijashika sababu pale panafunga ndani ya mwezi wa kwanza, kabla wengi hata hawajajua wana mimba. Basi anaetaka mtoto aanze kuzila sasa.

Ninachotaka ni kidogo. Hospitali kubwa za kaunti, Makadara, yaani Coast General, ikiwa ya kwanza, ziwe na madaktari watatu wanaojulikana, wa akina mama, wa watoto na wa akili, wakiletewa mama wa namna hii wakae siku hio hio ama kesho yake, waandike maoni yao ukurasa mmoja, watie saini wote, na karatasi ikae kwa faili. Hio ndio kinga ya daktari, katiba ilitaka maoni yake na hapo yameandikwa, na polisi akija aonyeshwe. Mama apewe nakala. Akikataa kuitoa na akitaka kubeba mpaka mwisho pia ni haki yake, asisukumwe, wako wanaotaka kumshika mtoto wao hata kama ni kwa dakika. Na daktari ambae dhamiri yake hairuhusu, sawa, amuelekeze kwa mwenzake saa ile ile, asimtume kwa loya.

Wizara nayo iutoe ule mwongozo kabatini, iutafsiri, iupeleke mpaka zahanati za Ganze na Kinango, sababu huko ndiko klinika yuko peke yake usiku na hana mkubwa wa kumpigia simu.

Na wewe mhariri nina ombi. Mkiandika tena habari za India ama Marekani, chini yake tieni mistari mitatu ya kifungu cha 26(4) kwa Kiswahili, ili yule atakaeambiwa lete oda ya korti awe na cha kuonyesha pale pale kaunta, asianze kutafuta nauli ya kwenda kwa loya.

Mama karani,
Kisauni, Mombasa.